Baruti Isiyojificha

Kuhmo, 9 Machi 1992

Mwanangu Tauno,

Nakusalimu wewe na mkwe wangu Gunilla, na nakuandikia nimevaa soksi mbili mbili, maana theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha na bado inajidai. Sisi hatujambo. Kerttu wa ng'ambo ya ziwa ameteguka kifundo cha mkono akitoka kuoga mvuke sauna. Anasema ni barafu, mimi nasema ni bia. Ng'ombe wetu aliyebaki ananitazama kila asubuhi kama mtu anayedai kustaafu. Nimekuokea mkate mweusi, ukikauka vizuri nitautuma kwa posta.

Kwanza kabisa, usinipigie simu juu ya jambo hili. Simu iko ukumbini na unajua kiti cha baba yako kiko wapi. Sikio lake moja limekufa, lakini lile lililobaki husikia kila kisichomhusu. Niandikie. Mimi ndiye ninayewahi kwenye sanduku la barua, ingawa siku hizi na yeye ameanza kuliwahi, sijui anatafuta nini.

Sasa sikiliza. Nauliza tu, hakuna kitu. Baruti ipi ni salama kwa risasi za polepole?

Daktari alimwambia baba yako Oiva alinde sikio lililobaki. Akafunga kile kizibo cha sauti kwenye mdomo wa bunduki, lakini anasema risasi yenyewe ikishinda mwendo wa sauti inalia hewani kama mjeledi, kizibo hakiwezi kuizuia. Kwa hiyo anatengeneza zake mwenyewe, za mwendo mdogo, kwa ajili ya sungura wanaonitafunia magome ya mitofaa. Anazitengenezea pale pale mezani ninapokandia unga. Maganda hamsini ya risasi yamesimama kwenye ubao wa matundu kama wanakwaya, na yeye anayamiminia baruti moja moja.

Nimeona anatia kidogo sana. Ganda kubwa, baruti chini kabisa, huioni mpaka uinamishe kichwa. Nikajiuliza, mtu akisahau akatia mara mbili, nani atajua?

Sisemi anasahau. Juzi alitia chumvi kwenye uji ambao nilikwisha kuutia chumvi, tukala hivyo hivyo. Na Jumamosi alitoka sauna akarudi kutafuta taulo, taulo iko shingoni. Mambo madogo. Wewe niambie baruti tu.

Mama yako,
Impi

*

Västerås, 2 Aprili 1992

Mama,

Samahani kwa kuchelewa. Kiwandani tumebadilishiwa zamu, na Gunilla alipata mafua, akanipa, nikamrudishia. Anakusalimu. Mkate ulifika mgumu kama inavyotakiwa; anauogopa, mimi naula peke yangu.

Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Watu wengi huuliza baruti ipi itamfikisha sungura, wewe umeuliza ipi haitamfikisha baba hospitali.

Iko hivi. Risasi ya polepole inataka nguvu kidogo. Zile baruti za kawaida za bunduki zinaungua taratibu, zimeumbwa kujaza ganda. Ukizipunguza sana zinakataa kuwaka vizuri, na risasi inaweza kukwama katikati ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake, basi tena. Hiyo asiijaribu. Kwa hiyo watu hutumia baruti inayoungua upesi, kama ile ya bastola, kidogo tu. Inafanya kazi. Lakini ubaya wake umeshauona kwa macho yako: inajificha chini. Ukiirudia mara mbili, ganda halikwambii. Bunduki ndiyo itakayokwambia, tena usoni.

Mzani anautumia? Kopo lake limeandikwa nini? Vipimo sikupi mimi, wala usivichukue kwa Kerttu wala kwa nani. Vinatoka kwenye kitabu cha wenye kiwanda cha baruti, basi.

Na wewe mama, unalala vizuri? Unakula? Niambie kweli.

Tauno

*

Kuhmo, 14 Aprili 1992

Mwanangu Tauno,

Barua yako nimeisoma chooni, mahali pekee penye kitasa katika nyumba hii. Huku barafu ya ziwa imeanza kuwa kijivu. Kerttu amefunguliwa bandeji, anauonesha mkono kwa kila mtu kama pete ya uchumba.

Mimi nalala. Mbona unaniuliza mimi? Aliye na baruti si mimi.

Kopo nimelichungulia alipokwenda kupasua kuni. Maandishi yamefutika, nimebahatisha herufi mbili na picha ya moto. Ni chembe ndogo nyeusi, zinang'aa kama mbegu za ua la mpopi. Nilichukua kijiko cha sukari, nikatia kwenye ganda tupu kile kiasi anachotia yeye. Mwanangu, ni kidogo kama chumvi ya yai. Nikatia mara ya pili, bado halijafika hata nusu. Nikatia ya tatu! Hata ya tatu ilikuwa na nafasi ya kukaa na kupumzika. Nikairudisha yote kwenye kopo, nikanawa mikono mara mbili, na kijiko nikakichemsha.

Mzani anautumia, usimsingizie baba yako. Anapima moja, anamimina, anapima nyingine. Ni mwangalifu kama mtu wa dawa. Lakini mikono ikiwa myangalifu na kichwa kikiwa kwingine, inasaidia nini?

Mimi nimejitungia dawa yangu. Simwachi muda mrefu na ile baruti. Nikiona amekaa sana, namwita kahawa. Hasikii nikiwa jikoni upande wa jiko, kwa hiyo naenda mpaka nyuma yake nimguse bega. Anaruka kama samaki! Lakini anakuja. Anakunywa, namtazama machoni kama yako sawa, namuuliza mawili matatu: leo siku gani, Kerttu jina la mumewe nani. Anajibu. Halafu ananitazama na yeye, vile vile, kama ananipima.

Nitakuomba jambo moja, halafu sitarudia. Njoo wakati wa sikukuu ya katikati ya kiangazi uichukue bunduki. Sema unaitaka wewe. Sema ya kwako imeibwa. Mimi siwezi kumwambia Oiva kwamba kichwa kinamwondoka. Miaka arobaini na mmoja sijamwambia hata kwamba anakoroma.

Mama yako

*

Västerås, 20 Mei 1992

Mama,

Najua nimekawia. Niliandika barua mbili nikazichana. Huku miti imeshavaa majani, na Gunilla amepanda nyanya kwenye roshani, saba, zote amezipa majina.

Nimezungumza na jamaa mmoja wa klabu ya kulenga shabaha hapa. Anasema wenye akili hawachagui baruti ya risasi za polepole kwa nguvu wala kwa bei. Wanaichagua kwa unene. Ziko baruti nyepesi, za vipande bapa, zimejaa hewa kama pumba za mchele. Kipimo kimoja kinajaza ganda zaidi ya nusu. Ukikosea ukatia cha pili, hakina pa kwenda: kinamwagika mezani, mbele ya macho yako. Ni baruti isiyojificha. Ina moshi mchafu kidogo, ni ghali kidogo, lakini haiwezi kukudanganya.

Mwende Kajaani kwenye duka la zana za uwindaji, mumwulize muuzaji baruti ya namna hiyo inayofaa bunduki ya baba, na akupeni ukurasa wa vipimo wa kiwanda. Mwambie baba nimesoma kwenye gazeti kwamba ndiyo inayosikika kidogo kuliko zote. Atainunua siku hiyo hiyo.

Na zile alizokwisha kuzijaza kwa baruti ya zamani, asipige hata moja. Zikae.

Mama, nikuulize. Kahawa mnakunywa mara ngapi kwa siku?

Tauno

*

Kuhmo, 11 Juni 1992

Tauno,

Leo salamu fupi. Wazima. Viazi vimetoka. Mbu wametoka pia.

Hujanijibu kama unakuja. Umeniuliza habari za kahawa! Mimi nakwambia nyumba inaungua, wewe unaniuliza mapazia yana rangi gani. Haya, tunakunywa kama watu wote. Mara nne. Siku akijaza risasi, labda sita.

Tulikwenda Kajaani. Oiva alivaa kofia ya kanisani. Muuzaji, kijana mwenye ndevu za mzee, akamsikiliza, akatoa kopo jekundu akalitikisa. "Hii mzee, hata mkeo anaweza kujaza." Oiva akamwambia, "Mke wangu anajaza tumbo langu tangu mwaka wa hamsini na moja na halijapasuka." Wakacheka, na mimi nikacheka, nikafikiri mambo yamekwisha.

Jana akaketi. Hamsini zimesimama. Baruti yenyewe ni kama ulivyosema, inaporomoka kama pumba na kujaa mpaka shingoni. Nilikuwa nimetulia kabisa moyoni, nikasema hapa hakuna la kujificha. Nikaoka mkate mtamu wa hiliki. Tukanywa kahawa ya kwanza, akarudi mezani. Mimi nasuuza vikombe. Nikasikia, "Perkele."

Unajua Oiva hatukani. Nikageuka. Baruti imemwagika mezani, ganda limefurika. Ametia mara mbili.

Akaifuta kwa kiganja, hakunitazama. Mimi nikajifanya natafuta kitambaa. Akaendelea. Nikamwita kahawa ya pili, ili apumzike. Akarudi, hajakaa vizuri, ikafurika tena! Baada ya chapati za maziwa ikafurika ya tatu. Tatu katika hamsini, Tauno. Na zile za zamani ziko arobaini kwenye sanduku, nani anajua ndani kuna nini?

Alikaa akitazama ile ya tatu. Akasema polepole, "Impi, kuna kitu hakiko sawa katika nyumba hii." Nikasema ni unyevu.

Nilitoka nikaenda kwa ng'ombe nikalia. Njoo, mwanangu. Njoo uichukue hiyo bunduki. Mimi nitakaa na baba yako, kichwa kiwepo kisiwepo, lakini na bunduki na baruti na kichwa kisichokuwepo, siwezi.

Mama

*

Västerås, 17 Juni 1992

Mama yangu,

Nimechukua likizo. Meli ni tarehe ishirini. Lakini barua hii isome kabla sijafika, na usiisome chooni. Isome mezani, na baba awe amekaa mbele yako. Nilimwahidi mtu kwamba sitasema, na wewe nilikuahidi kwamba sitasema, na kati ya ahadi hizo mbili mmekaribia kuniua mimi.

Mwisho wa Machi nilipata barua ya baba. Ndiyo, baba aliandika barua. Ile ya kwanza tangu nilipokuwa jeshini. Nakunukulia:

"Tauno. Sisi wazima. Barafu ni nene. Nakuandikia kwa sababu simu iko ukumbini na mama yako hupita pita. Mama yako si mzima. Anatia chumvi kwenye uji nilioutia chumvi. Anaita kahawa wakati vikombe vya kahawa iliyotangulia bado ni vya moto. Nikimwambia tumekunywa sasa hivi, ananitazama kama mgeni. Ananinyatia nyuma ananishika bega, halafu ananiuliza leo ni siku gani. Nafikiri hajui mwenyewe, anataka nimwambie, basi namwambia. Njoo umpeleke kwa daktari. Mimi siwezi kumwambia. Usimwambie. Oiva."

Na ya pili, Aprili, ina mistari mitatu: "Imezidi. Nimemwona kwa dirisha la banda la kuni, anapima baruti kwa kijiko cha sukari. Halafu alikichemsha kijiko. Njoo."

Mama, nilipokuwa na barua zenu mbili mkononi sikujua nicheke au nilie, wala nimwamini nani. Mmoja wenu alikuwa anaondokewa, nikashindwa kujua ni yupi. Ndiyo maana nilikawia. Nisamehe.

Lakini barua yako ya juzi imeniamulia. Isome tena mwenyewe. Ya kwanza ilifurika lini? Alipotoka kwenye kahawa. Ya pili? Alipotoka kwenye kahawa. Ya tatu, chapati. Katikati hakukosea hata moja. Arobaini na saba sawa sawa!

Baba hasikii unapokuja. Ameshamimina ganda la kumi na saba, bado hajahama, unamshika bega, anaruka, anainuka. Akirudi anaanza pale mkono wake ulipokuwa: la kumi na saba. Hata mimi ningekosea. Hata askofu angekosea. Hakuna mtu anayejaza risasi akakatizwa mara sita kwa siku asitie mara mbili. Kadiri ulivyoogopa ndivyo ulivyomwita, na kadiri ulivyomwita ndivyo alivyokosea.

Mpeane barua hii. Kisha baba azivunje zile arobaini za zamani moja moja, aipime baruti ya kila moja. Usimsaidie. Na usimwite.

Naja na Gunilla. Anataka kuona sauna ya kweli.

Tauno

*

Kuhmo, 6 Julai 1992

Mwanangu Tauno, na wewe Gunilla,

Mmeondoka juzi na nyumba imekuwa kubwa. Gunilla amesahau kofia yake ya kuogelea, ng'ombe ameionja. Nyanya zake zinaendeleaje? Naandika hata yale mliyoyaona wenyewe, kwa sababu mlipokuwa hapa kila mtu alikuwa anacheka, na mengine hayasemeki watu wakicheka.

Ile barua yako nilifanya kama ulivyosema. Nilimkalisha Oiva. Mimi kusoma kwangu ni kwa kidole, unajua, kwa hiyo ilichukua muda. Nilipofika kwenye "mama yako si mzima" nikasimamisha kidole, nikamtazama. Akawa mwekundu mpaka kwenye upara. Akasema, "Endelea." Nikasema, "Endelea nini? Mimi ndiye mgonjwa!" Akasema, "Soma, mwanamke, tujue ni yupi." Nikasoma mpaka mwisho. Nje ndege wanapiga kelele. Halafu nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka kile kicheko chake kisicho na sauti, cha mwaka ule nilipoangukia kisimani kwenye ndoo.

Daktari wa Kuhmo ametupima wote wawili, ile siku uliyotusindikiza mpaka mlangoni pake. Mlibaki nje, kwa hiyo hamkusikia. Alituuliza tarehe, na jina la rais, na tuchore saa. Ya Oiva ilikuwa nzuri kuliko yangu. Mimi niliisahau sita. Daktari akasema vichwa vyetu vina umri wake, lakini viko nyumbani. Sikio la Oiva ndilo baya, atapewa chombo cha kusikilizia.

Sasa lile ambalo Oiva hakutaka niwaambie mkiwa hapa. Zile arobaini alizivunja zote, mlipokwenda kuvua samaki. Mimi nilikaa nje kwenye ngazi, mikono chini ya makalio, ili nisimwite. Thelathini na tisa zilikuwa sawa. Moja ilikuwa na vipimo viwili.

Alikuja nje ameishika kwenye kiganja, ile baruti nyeusi, kitu kidogo hivyo. Akanionesha. Nilijua na yeye alijua. Ilikuwa kwenye safu ya mbele ya sanduku, ile ambayo angeichukua Septemba msimu wa kuwinda sungura ukianza. Hakusema ni kahawa yako, wala mimi sikusema ni sikio lako. Akaenda kuimwaga kwenye bustani, akarudi akakaa kando yangu.

Sasa tunajaza pamoja. Ya kopo jekundu tu. Maganda yaliyo tupu yanasimama kichwa chini, yaliyojaa kichwa juu, na kabla hajaweka risasi juu ya ganda lolote mimi nachukua tochi, namulika ndani ya yote hamsini, mstari kwa mstari. Namwambia, sawa, sawa, sawa. Ananiita mkaguzi. Jana nilipata moja lililopungua nukta, akabisha, akapima, akajazia. Akazijaribu tano nyuma ya banda, nami niko dirishani natazama: ubao unatikisika, mlio hakuna, kama mtu aliyefunga kitabu.

Na jioni ile alipoivunja ile moja, tulipokuwa ngazini, nikamuuliza. Nikasema, "Oiva, na ingekuwa kweli? Kama ningekuwa nimeondokewa na kichwa kabisa, nisijue leo ni siku gani?"

Akafikiri. Unamjua, anafikiri mpaka mbu wanashiba.

"Ningekwambia ni siku gani," akasema.

"Kila siku?"

"Kila siku. Siku yenyewe ina kazi gani nyingine?"

Mama yenu,
Impi